Unene wa Ukucha

Kwenye muhuri wa feleji herufi hutazama nyuma.
Pua huchimbwa ndani ili itokeze nje,
na shavu la kushoto hukaa kulia, likingoja kupigwa.
Miaka ishirini na sita nimeishi hivyo, kinyume.
Hata sokoni huanza kuhesabu chenji kabla sijanunua,
na muuza mukene ananicheka.

Aliyenifundisha ni Masereka. Alitoka kwenye tanuri,
enzi shaba ya Kilembe ikija Jinja kwa behewa.
Tanuri lilipozimwa alibaki na koleo mbili, kikohozi,
na mkono usiotikisika hata akipiga chafya.
Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka la pampu.
Mwaka wa kwanza hakunipa tindo, alinipa kinoo.
"Noa, Kabugho." Nikanoa. "Bado."
Nikanoa mpaka ncha za vidole zikawa laini kama sabuni;
nilipokwenda kuchukua kitambulisho
mashine ilikataa kidole baada ya kidole,
na afisa akaniangalia kama mwizi aliyejiandaa mapema.

"Kazi yetu," alisema Masereka,
"ni uongo wenye unene wa ukucha.
Mlima, mvi, mtu aliyechoka: vyote viingie humo.
Ukizidisha, shaba haijai.
Ukipunguza, uso unakuwa sahani."

Muhuri wangu wa kwanza niliusahau kuugeuza.
Nishani sitini za mbio za shule,
na kila mtoto kifuani: AJNIJ.
Walifurahi kuliko wangepewa dhahabu.
Mwalimu mkuu hakufurahi.
Masereka aliilipa shaba, akaning'iniza moja juu ya meza,
na hakulitaja jambo hilo tena, ambalo lilikuwa baya zaidi.

Halafu vikombe vya ligi, pete, saa za wastaafu,
majina, majina, majina,
mpaka hospitali ilipotaka nishani ya Naigaga, mkunga,
miaka thelathini na minane wodini.
Alikaa mbele yangu alasiri tatu juu ya pipa la rangi
nami nikimsaka kwenye nta.
Siku ya pili aliinama akaitazama nta, akasonya.
"Kidevu changu kimoja kiko wapi?
Rudisha. Vyote viwili ni vyangu, nimevilipia."
Nikarudisha.

Jana mwanawe, Isabirye, amekuja na leso.
Mama amekwenda, alisema. Kabla hatujaondoa matanga
tunataka umrudishie uso.
Akaifungua.
Nikaiweka chini ya lenzi: macho hakuna,
pua hakuna, nywele zimelala kama nyasi za njia panda.
Kidevu cha pili kipo.

Nikauliza, mlikuwa mnaisugua kwa majivu?
Hapana, alisema. Aliiweka mfukoni mwa aproni.
Wanawake waliomgongea usiku, uchungu umewashika,
aliwapa waibane.
"Kaza hiki, usinikaze mimi mkono."
Hajui ni wangapi. Mama hakuandika.

Nilimwambia naomba wiki.
Alikasirika kidogo. Kampala, alisema,
ipo mashine inayochonga uso ukinywa soda.
Ni kweli. Nimeiona. Haikosei,
na sina neno baya juu yake.

Usiku nimenoa tindo tatu.
Ninaweza. Nta ya zamani ninayo bado kwenye kopo,
videvu vyote viwili vimo.
Nyusi ningeanza nazo, halafu mfereji wa pua,
siku nne kwa bei ya elfu themanini.
Nimeshika tindo, nimeweka chini.
Nimeshika.

Nani alichonga zaidi, mimi wa majuma sita
au wale, kiganja juu ya kiganja,
gizani, kila mmoja akitoa chembe asiyoiona?

Nimezima taa, nikaifumba mkononi, nikakaza.
Imeenea.
Nilipima uso, siku zile, kwa bikari, mara mbili.
Mkono sikuupima.